Finjani Moja Pungufu

Ijumaa asubuhi, saa moja na dakika kumi, Nizama alitoa mashine ya kahawa kwenye boksi lake na kuiweka juu ya meza ya jikoni, kati ya mkate na mtungi wa jamu ya plamu. Alikuwa ameipakata magotini kutoka Graz hadi Travnik, safari ya saa tisa ndani ya basi, kwa sababu mizigo ya buti hutupwatupwa. Ilikuwa mashine ya midomo miwili. Mdomo wa kushoto ulitoa kikombe kimoja, kwa mtu aliyeamka peke yake. Mdomo wa kulia ulijaza jagi la watu kumi. Muuzaji alimwambia kwamba mwenye mashine hii hana haja tena ya kuchagua.

Mama yake, Mevla, aliizunguka na taulo begani.

"Inakula umeme?"

"Kidogo, mama."

"Hata lile friji walisema kidogo."

Baba yake, Refik, alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, kwenye benchi la dirishani, na finjani tupu mbele yake. Alikuwa fundi bomba mstaafu wa miaka sitini na moja, na tangu mwezi Machi hakuwa amekunywa kahawa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sasa ulikuwa Oktoba.

Nizama aliweka maji na kahawa, akabonyeza upande wa kulia, watu watatu. Mashine ikanguruma vizuri, ikatoa mvuke, ikawasha taa ya kijani kuonyesha imemaliza. Mevla akamimina. Finjani ya kwanza ikajaa mpaka ukingoni, ya pili ikajaa, ya tatu haikupata kitu. Wakajaribu upande wa kushoto, kikombe kimoja, kwa ajili ya Refik peke yake. Ikanguruma tena, taa ikawaka tena, kikombe kikabaki kikavu.

"Ni yaleyale," alisema Refik.

"Yaleyale," alisema Mevla, akaenda kukaanga mayai.

Hapa mtaa wa juu habari hiyo tulikuwa tumeshaizoea. Katika nyumba ya Refik kahawa ilipungua finjani moja kwa hesabu ya watu waliokaa. Wakiwa watatu zilitoka mbili. Siku ya Idi walikaa wanane, zikatoka saba. Wingi wa maji haukusaidia, wala wingi wa kahawa. Refik akiwa peke yake, aliweka jezva jikoni, kile kibirika chetu cha shaba chenye mpini mrefu, akaona kwa macho yake povu likipanda, akainua, na ndani akakuta machicha makavu kama vumbi la barabarani. Na kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kunywa mgeni akimtazama, finjani iliyokosekana ilikuwa yake kila mara. Kwenye mkahawa wa chini alinywa kama watu wote. Lakini kahawa ya mkahawani mtu huinywa amevaa viatu, na Refik hakuihesabu kuwa kahawa.

Mwezi Aprili aliipeleka jezva yake ya watu sita kwa Hilmo, mfua shaba. Hilmo aliipima kwa maji mbele yake, finjani kwa finjani, zikaingia sita, zikatoka sita. Akamwuzia hata hivyo jezva mpya ya watu kumi, yenye kitako kinene, maana Hilmo naye ana watoto wa kusomesha. Mwezi Mei Refik alirudi nayo.

"Kwa maji ni kumi," alisema Hilmo, "kwa kahawa ni tisa. Shaba haina kosa, bwana. Nyumbani kwako kuna mtu hajanywa."

"Nani?"

"Mimi nafua shaba tu, Refik. Usinifanye imamu."

Kwa hiyo mashine ya Graz ilikuwa tumaini la mwisho. Nizama alikaa na kitabu cha maelekezo, akakisoma chote, na ukurasa wa arobaini na moja, kwa herufi ndogo, akakuta imeandikwa kwamba upungufu wa kikombe kimoja unaotokana na mambo ya kifamilia hauhusiki na waranti. Alimtafsiria mama yake.

"Si unaona," alisema Mevla. "Hata wao wanajua."

Nizama hakucheka. Jumapili saa nane mchana alikuwa anakuja Vahida, mama yake Jasenko, kuomba rasmi mkono wake. Jasenko alikuwa nesi pamoja naye kule Graz, kijana mpole mwenye masikio makubwa, na Nizama alimpenda mpaka akawa anayapenda na hayo masikio. Vahida hakuwa mpole. Mchumba wa kaka yake Jasenko alipelekewa ujumbe kwamba mambo yameisha, kwa sababu siku ya kwanza Vahida alitiliwa kahawa kwenye finjani yenye ufa. Sasa Jumapili wangekuwa watano, na zingetoka nne. Refik angekaa mkavu mbele ya mkwe, na mwenye nyumba asiyekunywa na wageni wake hapa kwetu ana maana moja tu: hawataki.

Nani hajanywa, kila mtu alijua. Hata Refik alijua. Alikuwa Zumreta, dada yake.

Hapa kwetu sheria inasema watoto wagawane urithi sawa. Desturi inasema dada atie sahihi na kumwachia kaka. Dada asiyetia sahihi hupewa majina ambayo sitayaandika, na kwenye arusi za ndugu zake hakaribishwi. Wengine huita jambo hili heshima. Mimi naliita wizi uliochana nywele. Zumreta alikuwa amemwuguza mama yao miaka minne katika nyumba ile, amemlisha, amemwogesha, amemgeuza kitandani asipate vidonda. Baada ya arobaini walikwenda kwa wakili wa mirathi, na wakili akamwuliza kama anatoa sehemu yake kwa hiari.

"Natoa," alisema Zumreta, na akauliza kama ile kalamu ni ya kurudisha.

Kisha wakapanda mlima kwenda nyumbani kunywa kahawa. Mgeni hapa hupewa kahawa tatu. Ya kwanza ni ya karibu. Ya pili ni ya maongezi, na hiyo huchukua muda wake. Ya tatu huletwa kwa jezva ndogo, hakuna anayeitaja jina, na mgeni akishaimaliza huvaa koti lake. Siku ile mafundi wa paa walikuwa wanamsubiri Refik uani, na vigae vimeshapandishwa kwenye chumba cha juu, chumba alicholala Zumreta miaka minne. Refik akamwambia mkewe atie moja tu, ya haraka. Mevla akashika jezva iliyokuwa karibu na mkono, nayo ilikuwa ile ndogo.

Zumreta aliitazama jezva. Alikunywa, akashukuru, akavaa koti, akahamia Zenica kwenye chumba cha kupanga. Kesho yake asubuhi kahawa ilipungua.

Jumamosi Nizama alipanda basi la saa tatu kwenda Zenica. Shangazi yake alikaa ghorofa ya nne, dirisha likitazama mabomba ya moshi ya kiwanda cha chuma. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na alimfungulia mlango akiwa na sindano ya kufumia mdomoni.

"Umekonda," alisema. "Huko hamli?"

"Tunakula, shangazi."

"Mnakula vitu vya kwenye karatasi. Kaa."

Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na finjani tupu juu ya kisahani, na kando yake kipande cha sukari. Wakazungumza habari za Jasenko, na masikio yake, na Vahida. Saa nne na robo finjani ikaanza kujaa kutoka chini, taratibu, mpaka povu likafika ukingoni na kutulia. Zumreta akachovya ncha ya sukari, akaing'ata, akanywa kidogo.

"Mama yako ameanza tena kununua ile ya pakiti ya kijani," alisema. "Mwambie aache. Na hii imechemka mara mbili. Wamegombana?"

"Kuhusu kesho."

"Ndiyo, nimeisikia. Jana ilikuja moja ina ladha ya waya, nikasema leo hawa wamenunua kitu cha umeme."

Alimpa Nizama nusu iliyobaki, kwa sababu hakuwa na kahawa nyingine ndani. Tangu Machi hakuwa amenunua. Finjani tatu kwa siku zilimtosha, na zilimfikia za moto. Kwa njia hiyo alijua siku mashine ya kufulia ilipoharibika, alijua Refik ameng'olewa jino, alijua Idi walikuwa wanane. Hakuwahi kuwapigia simu kuwaambia. Nizama alimwuliza kwa nini.

"Ningesema nini? Asante kwa kahawa mnayoninyima?"

Nizama aliinamisha kichwa. Alisema alichokuja kusema: kwamba anataka kuolewa, kwamba kesho zitatoka nne, kwamba anamwomba aje. Alisema pia kwamba angekuja kumwomba hata kama zingetoka tano, na akaona aibu, kwa sababu miezi saba ilikuwa imepita na hakuwa amekuja.

Zumreta alifuma mistari miwili kabla ya kujibu.

"Wewe nakupenda, mtoto wangu. Lakini nyumba ile ina mwenyewe, na mwenyewe ana simu."

Refik alipiga saa kumi na mbili jioni. Mevla alikuwa amemwekea simu mezani, akaiweka na miwani yake kando, kisha akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

"Zumreta."

"Naam."

"Kesho kuna kahawa."

"Najua."

Refik aliivua miwani, akaivaa tena.

"Basi njoo. Usije ukatuaibisha."

"Mimi ndiye nitakayekuaibisha?"

"Njoo, dada," alisema Refik, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kulitamka neno hilo.

Jumapili Zumreta aliingia kwa mlango wa jikoni saa sita, na mfuko wa kufumia na treya ya vitumbua vya asali. Mevla alimpokea koti.

"Siku ile nilishika iliyokuwa karibu," alisema Mevla.

"Najua, wifi. Na wewe hukuipindua wala kuirudisha ulipoiona."

"Sikuirudisha."

"Basi. Tia vitumbua kwenye sahani kubwa, hiyo ndogo itatuumbua."

Kisha Nizama aliuliza watumie ipi. Mezani palikuwa na jezva ya zamani ya watu sita, jezva ya Hilmo ya watu kumi, na mashine. Zumreta aliikagua mashine mbele na nyuma, akafungua kifuniko, akanusa.

"Mdomo huu wa mtu mmoja, huu wa watu kumi. Na sisi tulio sita tunaingilia wapi?"

Alichukua ile ya zamani, akaenda kuchota maji kwenye bomba la uani.

Vahida alifika saa nane kamili, amevaa suti ya buluu, mwanawe nyuma yake amebeba maua, masikio yake yakiwa mekundu kwa baridi. Alisalimia, akakaa, akaigeuza finjani yake kwenye mwanga akitafuta ufa. Hakuona. Mevla alileta jezva. Kati ya watu sita waliokaa, watano walikuwa wanahesabu. Ya Vahida, ya Jasenko, ya Zumreta, ya Nizama, ya Mevla. Mkono wa Mevla ulifika mbele ya mumewe, ukainama, na kahawa ikatoka, nyeusi na nzito, na povu lake juu.

Refik alikunywa. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akasema ni moshi wa jiko, ingawa jiko lile ni la umeme. Nizama alishika mkono wa Jasenko chini ya meza, akaubana mpaka Jasenko akajikunja.

"Maji haya mnayatoa wapi?" aliuliza Vahida.

"Uani," alisema Zumreta. "Marehemu mama alikuwa hanywi mengine."

"Wewe unakaa hapa?"

"Nilikaa. Kisha nikatia sahihi."

Refik alitazama nje ya dirisha, ambako hakukuwa na kitu. Vahida aliweka finjani yake chini.

"Mimi nilitia mwaka themanini na tatu," alisema. "Kaka wawili."

"Kahawa inakujia?"

"Inakuja, lakini baridi. Walihamia Sweden."

Mevla alimsogezea vitumbua, na Vahida akachukua viwili. Baada ya hapo hakugeuza kitu tena kutafuta ufa. Walikunywa ya pili, ambayo ilichukua saa moja na nusu, na ndani yake wakapanga arusi ya Mei, idadi ya wageni, na nani asikae karibu na nani. Vahida alimwambia Nizama kwamba mwanawe anakoroma, ili asije akasema hakuambiwa. Saa kumi na nusu Mevla aliinuka bila kufikiri, akaleta jezva ndogo. Vahida akanywa, Jasenko akanywa. Mevla alipofika kwa Zumreta, Zumreta aliweka kiganja juu ya finjani yake.

"Mimi bado," alisema.

Wageni walivaa makoti, wakabusiana na wenyeji mlangoni, wakashuka mlima. Zumreta hakuinuka. Alitoa ufumaji wake kwenye mfuko.

"Kuna basi la saa kumi na moja, dada," alisema Refik.

"Nalijua."

"Litakuacha."

"Litaniacha."

Mtu ambaye hajanywa kahawa ya tatu hawezi kuambiwa aende. Hakuna anayeweza, hata polisi wetu hapa wanalijua hilo, na mwaka juzi walikaa siku mbili kwenye nyumba moja wakimsubiri mtu amalize ya pili. Mevla alisimama katikati ya jikoni na jezva ndogo mkononi. Kisha akaenda kuimimina kwenye sinki.

"Wifi, sasa nikutilie ipi?"

"Ya maongezi. Hatukumaliza."

Basi lilipita chini saa kumi na moja na dakika tatu, likasikika likibadilisha gia kwenye kona, likaenda. Nizama alimfuata baba yake kwenye korido alikokwenda kutafuta kitu ambacho hakukitaja.

"Baba, na ile karatasi?"

"Tutaona."

"Lini?"

"Tutaona, Nizama."

Ni vizuri niseme kwamba mpaka leo wanaona. Theluji imeanguka na kuyeyuka, vigae vimetolewa chumba cha juu, Zumreta analala humo, na karatasi iko palepale kabatini na sahihi yake chini. Refik amevaa koti mara mbili kwenda kwa wakili, na mara zote mbili amerudi kwa sababu ya mvua. Kila mwezi Zumreta anakwenda Zenica kuchukua pensheni yake, na siku hiyo kahawa inapungua finjani moja, na jioni anarudi kuwaambia ilikuwaje. Mevla sasa ananunua ya pakiti nyekundu.

Lakini jioni ile Refik alirudi jikoni akamkuta dada yake amesimama mbele ya benchi la dirishani, amekumbatia ufumaji. Akapita pembeni yake, akakaa katikati ya benchi kama anavyokaa siku zote. Maji yalikuwa yameanza kulia juu ya jiko. Refik aliitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu aliona ni lazima mtu aseme:

"Lakini nyumba ni yangu, Zumreta. Kisheria."

"Ni yako," alisema Zumreta. "Hakuna aliyebisha. Sogea."

Refik akasogea.